Bunduki ya Shemeji

Shemeji alirudi kutoka hospitali na neno moja tu mdomoni. Mengine yote kiharusi kilikuwa kimeyafagia, pamoja na nguvu za mkono na mguu wa kulia, na lile lililosalimika lilikuwa "bado".

Umeshiba? Bado. Unasikia baridi? Bado. Huyu ni nani? Bado. Daktari aliwaeleza kwamba jambo hilo hutokea. Mgonjwa anaelewa karibu kila anachoambiwa, ila akitaka kujibu linamtoka lile lile, hata yeye mwenyewe hajui kwa nini.

"Msilitilie maanani sana," alisema daktari. "Ni sauti tu. Mpeni muda."

Mkewe alilishika hilo. Alikuwa mwanamke wa kazi, ana tanuri la mikate uani na wateja wanaogonga geti kabla jua halijachomoza, wala hakuwa na nafasi ya kukaa akipima uzito wa kila bado. Mume akisema bado, yeye husema, "Haya, baba," akaendelea kumlisha uji.

Aliyeshindwa kulinyamazia neno lile ni mdogo wa mkewe.

Huyo wote walimwita Pekua. Jina hilo alipewa na shemeji yake mwenyewe, siku ileile wazee walipokuja kuleta posa, kwa sababu kabla wageni hawajamaliza kuamkiana yeye alikuwa ameshafungua mfuko wa zawadi na kunusa kila kitu kilichomo. Alikuwa msichana wakati huo. Sasa alikuwa mama mtu mzima, fundi wa masweta, na hakuwa amebadilika hata kidogo. Aliposikia dada yake anauguza peke yake, alifunga kibanda chake cha kazi, akapakia mashine ya kufumia kwenye gari la kukodi, akaja kuitandika sebuleni karibu na kitanda cha mgonjwa. Masweta ya shule yalikuwa hayasubiri. Basi kutwa nzima alikuwa akiivuta ile mashine huku na huku, kra, kra, na kumchokoza shemeji.

"Mume wangu wa akiba, hujambo?"

"Bado."

"Bado hujambo au bado hujafa?"

Nusu ya uso wa shemeji ikacheka. Nusu nyingine ilibaki ilivyo.

Pekua alikuwa wa kwanza kugundua kwamba ziko bado za aina mbili. Kulikuwa na ile ya kawaida, inayotoka laini kama pumzi, ambayo kweli haikuwa na maana yoyote. Halafu kulikuwa na nyingine, fupi, kavu, na kila ilipotoka macho ya shemeji yalikuwa yanatazama mlango wa chumba cha nyuma. Akiisema hiyo, mkono wake wa kushoto ulikuwa ukishika ufunguo uliokuwa shingoni kwake kwa kamba ya kiatu.

"Dada, ule ufunguo ni wa nini?"

"Wa kabati la bunduki. Hata hospitali waligombana naye, hataki uvuliwe."

"Anataka nini humo kabatini?"

"Pekua, mimi nina unga mikononi."

Kazi ya shemeji, kabla ya kuugua, ilikuwa kuwinda nguruwe pori. Alikuwa na kibali na leseni yake, na wenye mashamba walimwita kila mihogo ilipoanza kufukuliwa. Watu walimpa jina la Ngiri, naye akalipokea bila kinyongo. Siku aliyoanguka, mkewe alieleza, alirudi mapema kuliko kawaida. Alilalamika kichwa. Akapita moja kwa moja chumba cha nyuma, akasikika akifunga kabati, halafu akasikika akianguka ukumbini. Ufunguo walimkuta nao mkononi.

Pekua aliwaza jambo hilo safu tatu nzima za sweta. Kisha akainuka na kwenda kuleta vitu. Alileta koti la mvua la shemeji, akaliweka miguuni pake. "Hili?" Shemeji alilitazama tu. Akaleta buti. Akaleta kofia. Akaleta chupa ya maji iliyobonyea. Dada mtu alipita na sinia la mikate akatikisa kichwa.

"Mnacheza duka?"

Ndipo Pekua akaleta mkanda wa ngozi uliokuwa umetundikwa nyuma ya mlango. Ulikuwa na vishimo vidogo vya kuwekea risasi, kimoja kimoja, na vingi vilikuwa na risasi zake, nene na fupi, ncha zake bapa. Shemeji aliunyakua kwa mkono wa kushoto. Aliuburuta hadi kifuani, akaanza kupapasa vile vishimo. Alipofika kwenye kitupu akaingiza kidole ndani. Kisha akanyoosha kidole hichohicho kuelekea chumba cha nyuma.

"Bado."

Akaingiza kidole kwenye kitupu kingine. Akanyoosha. "Bado."

Vishimo vitupu vilikuwa vitano, vimefuatana. Alivipitia vyote, na alipomaliza jasho lilikuwa limemtoka kama aliyepanda ngazi.

Pekua alivihesabu tena kwa macho.

"Dada!" aliita. "Dada, njoo! Risasi zimo. Bunduki ina risasi ndani."

Dada alikuja akifuta mikono kwenye aproni. Alimtazama mumewe, akautazama mkanda, akakaa kitandani bila kupanga.

"Haiwezekani. Huyu hajawahi kuingiza bunduki humu ndani na risasi. Hata siku moja. Anazitoa kulekule shambani."

"Kichwa kilikuwa kinamuuma, dada. Alisahau. Au hakuweza."

Shemeji alikuwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Machozi yalimtoka jicho moja. Aliinamisha kichwa, akaivua kamba ya shingoni, akamtia Pekua ule ufunguo mkononi.

Sasa kuna mtu na tabia yake. Pekua aliingia chumba cha nyuma na kulifungua lile kabati la chuma, maana kuambiwa kuna kitu ndani na kutokiona kwake ilikuwa adhabu. Dada alimsukuma shemeji kwenye kiti cha magurudumu nyuma yake. Bunduki ilikuwa imesimama kwenye kona ya kabati, fupi, kitako chake cha mbao kimeng'aa kwa kushikwashikwa, na chini ya mtutu kulikuwa na bomba jingine jembamba, limelala sambamba nao. Pekua alitafuta magazini, lile boksi analoliona kwenye bunduki za askari wa benki, ambalo linachomolewa na kurudishwa. Halikuwepo. Hakuona pa kuchomoa kitu chochote.

"Sasa hizo risasi zinakaa wapi?" Alinyoosha mkono.

Shemeji alimdaka kifundo cha mkono. Kwa mtu aliyekuwa akishindwa kushika kikombe, alibana sawasawa.

"Bado," alisema, ile kavu.

Hiyo hata dada aliielewa. Wakafunga kabati.

Pekua alipiga simu kituo cha polisi. Askari aliyepokea alikuwa mpole, akasikiliza yote, kisha akasema, "Ileteni hapa kituoni, mama. Ila kisheria isafirishwe ikiwa haina risasi."

"Afande, kama tungejua kuitoa risasi ningekupigia?"

Askari akakohoa. "Ni kweli." Akawapa namba ya fundi wa bunduki mwenye leseni.

Fundi alikuja siku hiyohiyo mchana, mtu mnene, mchangamfu, mwenye miwani mbili: moja puani, ya pili juu ya kipaji. Alimwamkia mgonjwa kwanza, kwa heshima zote, akimwita kaka mkubwa, kisha akaomba kuonyeshwa uwanja. Pale uani kulikuwa na kifusi kikubwa cha mchanga uliobaki dada alipojenga tanuri. Fundi alikipiga teke, akaridhika.

"Hapa. Mdomo wa bunduki utatazama mchanga mwanzo hadi mwisho. Na ninyi wote nyuma yangu. Hata paka."

"Na yeye?" Pekua alimwonyesha shemeji.

"Yeye ndiye mwenye bunduki. Akae anione, ila nyuma."

Aliitoa bunduki kabatini mdomo ukiwa chini, kidole chake cha shahada kimenyooka juu ya mbao, mbali na kifyatulio. Pekua alikiona kidole kile, akajiuliza kwa nini kimekakamaa vile, akauliza.

"Kwa sababu vidole vina akili zake," alisema fundi. "Ukijikwaa, mkono unafumba. Kikiwa humo ndani, kitafumba na kifyatulio. Kikiwa nje, kitafumba hewa."

Alikagua kufuli ya usalama, akaisukuma hadi ikalia tik. "Hii tunaifunga, lakini hatuiamini. Ni chuma kikuukuu. Mimi ninauamini mchanga."

"Na boksi la risasi liko wapi?"

"Hii haina boksi. Hizi za zamani risasi zinalala kwenye bomba hili la chini, moja nyuma ya nyingine, kama watu kwenye foleni. Ukifyatua, bunduki inajikoki yenyewe, inachukua ya kwanza kwenye foleni. Ndiyo maana wengi zinawachanganya. Mtu amezoea za boksi, akichomoa boksi anajua nusu ya kazi imeisha. Hapa hakuna cha kuchomoa. Lazima zitoke moja moja."

Alishika kishikio kidogo cha ubavuni, akakivuta nyuma taratibu. Risasi moja iliruka, ikaanguka mchangani. Dada alipiga yowe dogo, akajifunika mdomo. Ilikuwa imekaa chemba, chumba cha kufyatulia, tayari.

"Hiyo ndiyo iliyokuwa inangoja mtu," alisema fundi, na uchangamfu ulikuwa umempungua. Hakukiachia kile kishikio. "Nikikiachia sasa, itaingia nyingine mahali pake. Basi ninakifunga hapa nyuma, hivi, halafu ninazitoa zilizobaki kwa mlango wao wa kuingilia."

Akaigeuza kidogo ubavu, mdomo ukiwa palepale mchangani. Tumboni mwa bunduki kulikuwa na kimlango cha chuma. Alikibonyeza ndani, akabana kitu kwa ncha ya kidole, na risasi ikateleza ikamtokea kiganjani. Akabana tena. Nyingine. Akabana. Nyingine. Alipobana mara iliyofuata hakikutoka kitu. Akashusha miwani ya pili kutoka kwenye kipaji, akaivaa juu ya ile ya kwanza, akachungulia chemba kwa tochi, kisha akaingiza kidole kidogo kupapasa, maana macho, alisema, hudanganyika kwenye giza.

"Nne. Safi. Imekwisha."

"Bado," alisema shemeji.

Fundi aligeuka.

"Usimjali, fundi," alisema dada. "Ndilo neno lake hilo. Hata ukimuuliza jina lake."

"Pole, kaka mkubwa."

"Bado." Kiti kilitikisika. "Bado! Bado!"

"Vishimo ni vitano," alisema Pekua.

"Vipi?"

"Kwenye mkanda. Vishimo vitupu ni vitano. Wewe umetoa nne."

Fundi alijikuna shingo. "Huenda moja aliipiga siku hiyo."

"Aliipiga, dada?"

"Mimi nitajuaje? Sikuwa shambani."

Wote watatu walimtazama shemeji, kana kwamba angeweza kuwasimulia. Yeye aliitazama bunduki tu. Pekua alijua ile haikuwa bado laini. Lakini atamwambiaje fundi wa watu kwamba kuna bado kavu na bado laini? Akauliza lililomjia.

"Fundi, zile risasi kwenye foleni, nani anazisukuma?"

"Springi. Ndefu, imo ndani ya bomba."

"Springi inagusa risasi yenyewe?"

"Hapana, mbele yake kuna kizibo cha shaba. Ndicho kinachosukuma."

"Basi risasi zikiisha, hicho kizibo kinakuja mpaka mlangoni?"

"Kinakuja, unakiona kabisa kina..." Aliipeleka tochi kwenye kile kimlango. Akachungulia. Akaitoa miwani moja, akachungulia tena. Pekua alitaka kusogea, akakumbuka paka, akabaki alipo.

"Sikioni," alisema fundi.

Sauti yake ilikuwa ya chini sana. Alipiga goti, akaanza kulipapasa lile bomba kwa dole gumba, kutoka mwisho hadi mwisho, mdomo wa bunduki ukiwa umezama karibu kabisa na mchanga. Katikati dole gumba lilisimama.

"Hapa pamebonyea. Iliangukia jiwe hii. Kaka mkubwa, ulianguka nayo huko shambani?"

Shemeji alifumba macho, akayafumbua.

"Dada, naomba kitu cha mbao," alisema fundi. " Mpini wowote."

Dada alimletea mti wa kusukumia unga. Fundi alilikung'uta bomba mara moja, pole, pale palipobonyea. Mara ya pili. Mara ya tatu ndani mwa bomba kulisikika mkwaruzo, kisha tak, kama mtu aliyepiga ulimi. Alipobonyeza kile kimlango risasi ya tano iliteleza ikaja kiganjani, na nyuma yake kizibo cha shaba kikajitokeza, cha njano, kidogo kama kifungo cha koti.

Mikate ilianza kuungua na hakuna aliyeisikia harufu.

"Ningeipakia kwenye gari," alisema fundi hatimaye. "Njia yenyewe mashimo matupu. Ingeshuka yenyewe kwa mtikisiko. Na kesho dukani mtu angekivuta hiki kishikio aone bolti, hiki chuma kinachokwenda nyuma na mbele, kama ni nzima, akakiachia..." Alijipangusa uso kwa mkono wenye mafuta. Kisha akaenda kwa shemeji, akapiga goti mbele ya kiti, akamshika mkono ule wa kushoto kwa mikono yake miwili. "Nimekusikia sasa."

Shemeji alilala usingizi tangu jioni ile hadi asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

Fundi aliondoka na bunduki, na baada ya siku chache alipiga simu kusema bomba limenyooshwa na springi ni mpya. Hapo ndipo dada na mdogo wake walipokosana.

"Iuzwe," alisema dada. "Sitaki kuiona tena."

"Bado," alisema mumewe kitandani.

Sasa hata dada hakuweza kujifanya hajasikia. Alimgeukia. "Utaishika kwa mkono upi? Nieleze."

Shemeji aliinua mkono wa kushoto, akamnyooshea Pekua kidole.

"Mimi?" Pekua aliachia mashine.

"Huyu?" Dada akacheka kicheko kisicho na furaha. "Huyu atafungua bunduki aone nani anapiga kelele ndani!"

Lakini nguruwe hawakungojea ugomvi wa watu uishe. Mama mwenye shamba la mihogo ng'ambo ya machimbo ya mawe alikuja na kikapu, akatoa mizizi iliyotafunwa nusu, akaipanga sakafuni kama vidhibiti mahakamani. Mwaka mzima wa jembe, alisema, na wao wanamaliza kwa jioni mbili. Ngiri mwenyewe anaumwa, Mungu amponye, lakini je, yuko nani mwingine? Hakuwepo.

Kwa hiyo Pekua akaanza safari za ofisi. Alipimwa macho, akaulizwa kama amewahi kufungwa, akaandikwa chini ya uangalizi wa fundi, na kila alipokamilisha jambo moja aliambiwa liko lingine. Dada hakumzuia wala hakumsaidia. Alikuwa akimwekea mkate wa moto kwenye mfuko kila anapotoka.

Mafunzo yalifanyika machimboni, mahali pa ukuta mrefu wa udongo ambako fundi alikuwa na ruhusa ya kujaribia bunduki. Shemeji alipelekwa na kiti chake, na fimbo mkononi. Pekua alidhani siku ya kwanza atafyatua. Siku ya kwanza alijaza na kutoa, kujaza na kutoa, kwa risasi za bandia za mbao, hadi dole gumba likaota lengelenge. Fundi alimwambia risasi zake ziwe za ncha bapa daima, kwa kuwa kwenye bomba ncha ya moja inagusa kitako cha mwenzake, na ncha kali inaweza kupiga kiini cha mwenzake, pale panapowasha baruti, kama pini ya bunduki. Alimwambia asiijaze mpaka awe amefika mahali pa kufyatulia, na amalize kuzitoa risasi zote kabla ya kuondoka hapo.

"Na ukishafyatua moja usifikiri umemaliza," alisema. "Hii imeshajikoki. Iko tayari kabla wewe hujapepesa macho. Kidole?"

"Nje, juu ya mbao."

"Na mwisho kabisa unatazama nini?"

"Kizibo cha shaba. Nikione kwa macho, nikiguse kwa kidole."

Akikosea, fimbo ya shemeji iligonga mguu wa kiti. Hakuhitaji neno. Siku alipofyatua kwa mara ya kwanza alishangaa: kishindo alikitarajia, ila hakutarajia lile ganda kuruka ubavuni likiwa la moto, wala kuhisi begani jinsi chuma kilivyokwenda nyuma na kurudi chenyewe, kama mashine yake ya kufumia ikivutwa na mkono asiouona.

"Nani anairudisha bolti?" aliuliza papo hapo, masikio yakimlia.

"Fyatua kwanza zilizobaki," alisema fundi. "Nitakufungulia uone tundu la gesi ya baruti inayoisukuma. Mbona una haraka hivyo?"

Jioni ya kwanza kwenye mihogo jua lilikuwa bado lipo, limelala juu ya majani. Walikaa watatu kwenye ukingo wa shamba: Pekua, fundi, na shemeji kitini, ametupiwa blanketi. Nguruwe alitokea peke yake, mkubwa, akaja akinusa matuta kana kwamba anachagua sokoni. Pekua aliinua bunduki, akafungua kufuli. Alimwona vizuri kabisa. Nyuma ya nguruwe kulikuwa na kichaka, na nyuma ya kichaka ilipita njia ya kwenda kisimani. Hakumwona mtu. Ila hakuona pia kwamba hakuna mtu. Alingoja. Nguruwe alikula tuta zima mbele ya macho yake, akageuka, akaenda zake.

Mwenye shamba aliguna kwa uchungu huko nyuma. Shemeji alinyoosha mkono wa kushoto akampigapiga Pekua mgongoni, mara mbili, kama watu wanavyompongeza farasi, na Pekua akagundua kwamba miguu yake yote miwili ilikuwa imekufa ganzi.

Walirudi kesho yake wakahamia upande wa pili, ambako nyuma ya matuta kulikuwa na mwinuko wa udongo mtupu. Walikaa hadi nguruwe akaja. Risasi moja. Alikwenda mbio kidogo, akalala. Pekua aliweka kidole nje juu ya mbao, akafunga kufuli, akaelekeza mdomo kwenye udongo, akaanza kuzitoa zilizobaki hapohapo alipokaa, huku mwenye shamba akishangilia na kumhimiza waende wakamwone. Hakuinuka mpaka alipokigusa kile kizibo.

Bunduki ililala kwa fundi, kwenye ghala lake la chuma. Hayo yalikuwa masharti ya dada: kazi ifanyike, lakini chuma kile kisirudi nyumbani kwake. Shemeji aliyakubali. Miezi ilivyokwenda aliongeza maneno mengine, "maji", na "njoo", na tusi moja ambalo mkewe alikataa katakata kuwa limetoka kwake. Mguu ulirudi nusu. Mkono haukurudi, na Pekua akahamishia kibanda chake cha masweta jirani, akawa anakwenda mashambani anapoitwa.

Lakini usiku ule alipompiga nguruwe wa kwanza, bega la Pekua lilivimba likawa la zambarau. Dada alimkalisha kwenye kigoda karibu na tanuri, akamvua blauzi upande mmoja, akaanza kumkanda kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto. Alikanda kwa nguvu, kwa hasira kidogo, kama anavyokanda unga.

"Mtu mzima na akili zake," alinung'unika. "Bega kama bilinganya."

"Aa! Pole pole, dada."

Akapunguza nguvu. Alichovya kitambaa, akakamua, akakiweka tena. Halafu, bila kumtazama, akauliza swali ambalo hakuwa ameuliza tangu mambo haya yaanze.

"Ilikuwaje?"

Pekua alifikiri. Alikuwa na mengi ya kusimulia, juu ya bolti na gesi na ganda la moto, na alikuwa amejiandaa kuyasema endapo mtu angeuliza. Badala yake alisema, "Nilimsikia akitafuna."

"Nani?"

"Nguruwe. Kulikuwa kimya sana. Alikuwa amejaza mdomo muhogo, anatafuna, kama mtu anayekula sebuleni na wewe uko chumbani. Nilikuwa tayari. Nyuma yake palikuwa udongo mtupu, kila kitu sawa. Nikasubiri ameze."

Dada aliacha kukanda. "Ukasubiri?"

"Nikasubiri. Alipomeza ndipo nikafyatua."

"Kwa nini?"

"Sijui, dada," alisema Pekua, na kweli hakujua.

Dada alisimama na kitambaa mkononi, maji yakimtiririkia hadi kwenye kiwiko. Kisha akakichovya tena kwenye sufuria.

"Geuka," alisema. "Nikukande na huku."